Aliyefungua Maji

Shimo lilikuwa limekwisha kukatwa.

Nilisimama ukingoni na mtaimbo begani, nikayatazama maji meusi yaliyotulia katikati ya ziwa jeupe. Vipande vya barafu vilikuwa vimeopolewa na kupangwa kando, kimoja juu ya kingine, kama mtu apangavyo sahani baada ya kuziosha. Kingo zilikuwa zimenyooka sawasawa. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimelikata mwenyewe, tupate pa kujitosa, likatoka jembamba na pembe zake zimekwenda upogo, na mama mkwe wangu alipolichungulia alisema, "Helka, hilo ni tundu la panya. Mimi nina makalio."

Sasa palikuwa na shimo la kutosha makalio ya mtu yeyote. Juu ya theluji mpya ilipita njia ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea, mistari miwili sambamba, ikitoka ng'ambo ya ziwa na kurudi ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na nyumba moja tu iliyokuwa bado ikitoa moshi.

Ilikuwa Januari, mwaka wa sabini. Reijo, mume wangu, alikuwa amehamia Uswidi tangu majani yalipopukutika, anaunganisha magari kiwandani Göteborg. Hakuwa peke yake. Nusu ya kijiji chetu cha Honkavaara ilikuwa imeondoka. Mashamba yalikuwa yamelala, shule imefungwa, na ukipita barabarani uliona mapazia yamebaki madirishani kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu kwenda dukani. Mimi nilibaki kwa sababu mama mkwe wangu, Loviisa, alikataa kuondoka, na huwezi kumwacha bibi kizee na ng'ombe wake katikati ya msitu wa Kainuu.

"Nendeni," alituambia. "Mimi nilimwosha mume wangu kwenye ile sauna pale alipokufa, na wewe Reijo nilikuzaa mle mle. Nikienda Uswidi, nani ataniosha mimi?"

Reijo akasema yeye atatangulia, atafute nyumba, mengine yatafuata. Alikuwa mtu wa kutangulia.

Sauna yetu, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, ilikuwa ya moshi, isiyo na bomba la kuutoa. Unawasha moto chini ya rundo la mawe tangu asubuhi, moshi unajaa ndani na kujitokea mlangoni, na kuta za magogo zimekuwa nyeusi kwa masizi ya vizazi. Moto unapokufa unatoa makaa, unamwaga maji ya kwanza kuufukuza ukali, unafunga mlango na kungoja. Kisha linabaki joto peke yake, laini, lisilo na kelele, kama mnyama mkubwa aliyelala nawe chumba kimoja.

Alasiri ile, giza la Januari likiwa limekwisha kushuka, tulikaa mimi na mama mkwe kwenye ubao wa juu, jasho likitutiririka, kila mmoja na kitita chake cha matawi ya mbetula.

"Nani amekata?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hujui." Akamwaga upawa wa maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda ukatushika masikio. "Ng'ambo kuna mtu mmoja na farasi mmoja. Na farasi sijamwona bado akishika mtaimbo."

Nilicheka, naye akajichapa mgongo kwa matawi yake bila kucheka. Kisha akasema tushuke majini, maana mtu amejisumbua.

Wasioyajua maji yale hudhani ni adhabu. Unatembea bila viatu juu ya theluji, mwili unatoa mvuke, na bado huisikii baridi. Unashika ukingo, unashuka hadi shingoni, na moyo unasimama mlangoni ukijiuliza uingie au utoke. Pumzi inakatika. Halafu inarudi, ndefu, ya mtu mwingine kabisa, na unapopanda juu unawaka mwili mzima kama taa iliyopanguswa. Jumamosi ile nilikaa majini kupita kawaida yangu. Nilikuwa nimeweka viganja vyangu juu ya ule ukingo ulionyooka, nikawa nauona ulivyochongwa kwa subira.

*

Oiva Karppinen alikuwa mkata magogo. Aliishi na mama yake mpaka mama huyo alipofariki, kisha akaishi na farasi. Alikuwa mrefu, nyusi zake nyeupe kwa jua na theluji, na maneno yake yalikuwa machache hata kwa mtu wa kwetu. Wanakijiji walisema amejiwekea akiba kwa ajili ya siku ya hukumu.

Krismasi iliyokuwa imepita, Reijo alikuja nyumbani na koti jipya na shati la nailoni, akiwa amejaa hadithi za taa za barabarani. Mkesha wa Krismasi lazima watu waoge kabla jua halijazama, na jirani asiye na mtu hualikwa. Oiva akaja. Wanaume wawili wakaingia sauna pamoja, mimi na mama mkwe tukibaki jikoni na nyama iliyokuwa ovenini. Niliwaona kwa dirisha wakishuka kwenye maji, wote wawili wakitoa mvuke kama ng'ombe waliotoka kufukuzwa, Reijo akipiga kelele, Oiva akishuka kimya. Kisha walirudi ndani, wakakaa muda mrefu. Nilijua wanazungumza, kwa sababu hapakusikika sauti ya maji kumwagwa. Walipokuja mezani Reijo alikuwa mchangamfu, na Oiva hakunitazama.

Reijo akaondoka mwaka mpya ulipoanza. Na Jumamosi moja baada ya hapo ndipo nikalikuta shimo limekwisha kukatwa.

Likakutwa hivyo tena. Na tena. Niliamka mapema nimwone, nikakuta njia ya skii imekwisha kwenda na kurudi. Wiki nyingine niliamka mapema zaidi, nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikachukua chupa ya kahawa na kikombe, nikateremka ufukweni. Alikuwapo. Alikuwa amevua kofia, kichwa chake kinafuka, anaopoa vipande kwa koleo.

"Habari ya asubuhi, jirani," akasema bila kusimama.

"Nimeleta kahawa."

Akasimama. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kunywa akiutazama msitu.

"Barafu ni nene mwaka huu," akasema.

"Ni nene."

"Bibi Loviisa anapenda liwe pana."

"Anasema ana makalio."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia Oiva akicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha mtoto, kikakimbia juu ya barafu mpaka ng'ambo na kurudi. Akajifuta mdomo kama mtu aliyemwaga kitu mezani kwa watu, akanirudishia kikombe. Nilipanda kurudi nyumbani nikiwa na kikombe kile mkononi, na sikukiosha mpaka jioni.

Mama mkwe alikuwa ameona yote kwa dirisha. Hakuna alichokosa kuona yule mama, ila aliyapima mambo kabla ya kuyasema. Tukiwa tunakamua ng'ombe, akatamka kutoka upande wa pili wa tumbo la ng'ombe:

"Mwanamume anafungua maji ya watu, halafu anarudi kwake mkavu. Ni aibu ya nyumba hii. Mwambie aje aoge."

"Watu watasema, mama."

"Watu gani? Walio Göteborg?"

Basi akawa anakuja. Sisi wanawake tulioga kwanza. Yeye alingoja barazani akichonga kitu, mara mpini, mara kijiko. Kisha akaingia peke yake. Baadaye tulikula. Mara nyingi alileta samaki, yule wa majira ya baridi mwenye ndevu moja kidevuni, na mama mkwe alimpika kwa maziwa na viazi na kumtania.

"Oiva, huyu samaki anafanana nawe. Naye hasemi."

"Naye hukamatwa akiwa kimya, bibi."

"Wewe nani atakukamata? Umefika umri wa kukamatwa ukapita."

Oiva akainama juu ya bakuli lake. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ametoka kuoga, na mtu aliyetoka kuoga husamehewa wekundu wowote.

Kabla ya chakula, mama mkwe akikaa kupumua, mimi nilisimama dirishani nikichana nywele zilizokuwa bado mbichi, nikimwona Oiva akitoka saunani kwenda kwenye maji. Sikuwa nikificha kutazama, wala sikuwa nikitazama kwa kuiba. Nilitazama kama mtu atazamavyo treni inayopita mbali, ambayo anajua hatapanda. Alikuwa akishuka taratibu mpaka mabegani na kukaa humo, uso umeelekezwa ng'ambo, kwenye nyumba yake isiyo na taa. Sijui alikuwa akifikiri nini. Nilitamani nimuulize kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilimwongezea kahawa.

Alipasua kuni zetu. Alishusha theluji ya paani. Alimtengenezea mama mkwe ngazi ya kushukia majini, yenye kamba ya kushika. Lakini kikombe chake cha mwisho kilipokwisha alisimama, akasema "Ahsanteni kwa mvuke," akaenda. Hakuwahi kubaki kitambo cha ziada. Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa "jirani" mwezi wa kwanza, nikabaki "jirani" mwaka wa pili.

*

Siku ya mtaimbo ilikuwa Februari, baridi ya kupasua magogo. Tulikuwa tumeoga, mama mkwe amebaki ndani, mimi nimeshuka kwenye maji peke yangu. Nilipopanda nikateleza, nikanyoosha mkono nishike chochote. Kilichokuwa karibu ni mtaimbo wa Oiva, aliousahau umesimama kwenye theluji. Kiganja changu kibichi kikaukamata ule mtaimbo, nao ukanikamata mimi, ngozi imegandana na chuma kwa baridi.

Nilivuta. Maumivu yalinifanya nipige ukelele.

"Usivute!" mama mkwe akapaza sauti kutoka mlangoni. "Ngozi itabaki! Oiva! Oiva wee!"

Akaja mbio kutoka barazani. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya barafu bila kitu, maji yameanza kugeuka ganda kwenye nywele zangu. Alivua koti akikimbia, akanitupia mabegani, na alipofika karibu akafumba macho. Nakwambia alifumba macho kabisa, kama mtoto kwenye mchezo wa kujificha, akapiga magoti kwa kupapasa mpaka akaupata mkono wangu kwenye chuma. Akauzungushia viganja vyake vyote viwili. Kisha akasogeza mdomo wake na kuanza kupumulia.

Alipumua polepole. Pumzi ya moto, halafu nyingine, kidole kimoja baada ya kingine. Sikuwa nasikia baridi tena. Nilikuwa nakitazama kichwa chake kilichoinama, theluji iliyokuwa ikitulia kwenye nyusi zake, ile kope iliyofumbwa kwa nguvu mpaka ikatetemeka. Kidole cha kwanza kikaachia. Cha pili kikaachia. Mama mkwe alikuwa anakuja na ndoo ya maji ya uvuguvugu, anachechemea, anatulaani wote wawili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba miguu yake imuume zaidi, achelewe.

Mkono ulipotoka, Oiva hakuuachia mara moja.

"Umepona, jirani?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Nimepona."

Akasimama, akageuka, akafumbua macho upande wa ng'ambo. Akang'oa mtaimbo wake, akavaa skii zake, akaenda bila koti na bila kuoga. Jumamosi iliyofuata shimo lilikuwa limekatwa kama kawaida, lakini mwenyewe hakuja. Wala ile iliyofuata. Koti lake lilining'inia jikoni, na mama mkwe, kila alipolipita, alilitazama kisha akanitazama mimi, akaenda zake na shughuli zake.

Aliporudi, majira ya baridi yakiwa yanaelekea kwisha, alikuwa amejifunga zaidi kuliko mwanzo. Alikunywa kahawa yake akiwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

*

Siku hizi naishi mjini Kajaani, kwenye ghorofa, na sauna iko chini, ya umeme, tunagawana zamu. Ni safi, ina saa ukutani. Baada ya joto tunasimama chini ya bomba la maji baridi, sisi wanawake wazee, tunapiga mayowe kidogo kwa adabu. Wanawake wenzangu ni watu wema. Mmoja aliniuliza kama nilipokuwa shambani tulikuwa na mahali pa kujitosa, nikamwambia tulikuwa na ziwa. Akasema, bahati iliyoje. Nikasema ndiyo.

Oiva amelala kwenye makaburi ya kanisa la kwetu, chini ya misonobari, na nafasi iliyo kando yake ni yangu. Nasema haya sasa ili yanayofuata yasije yakasikika kama nimesahau mwisho wake. Sijasahau. Ila kuna siku moja ya mwezi Machi ambayo kila nikipanda ubao wa juu hapa chini ya ghorofa, mlango ukishafungwa, ndiyo inayonijia, na mimi huiacha ije.

*

Reijo alikuja kila baada ya muda fulani, kisha muda huo ukarefuka, kisha zikaja kadi tu za Krismasi zenye picha za farasi. Mama mkwe aliziegemeza kadi hizo dirishani, uso wa picha ukielekea nje.

Alianza kufa katika majira ya baridi yaliyokuwa na theluji nyingi kupita zote. Nilimpeleka saunani kwenye kile kiti cha kusukuma chenye vyuma vya kutelezea, nikimbeba kutoka mlangoni hadi ubao wa chini, maana wa juu hauwezi tena. Majini hakushuka, nilimchotea maji ya shimo kwenye ndoo, akaingiza miguu.

"Bado anakata vizuri," alisema siku moja, akizichezesha nyayo zake.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu nilimzaa mahali hapa, pale kwenye ubao ulipo mkono wako. Nampenda. Lakini yule ni mtu anayetoka na kuacha mlango wazi." Mvuke ukashuka taratibu. "Baridi ikiingia nyumbani, Helka wangu, mlaumu aliyeuacha wazi. Aliyekuja kuufunga usimlaumu."

Alikufa Machi, asubuhi, nikiwa nimetoka kukamua. Niliipasha sauna kidogo tu, nikamwosha kama alivyotaka, kwa maji ya ziwani niliyoyatia uvuguvugu. Oiva alitengeneza jeneza na kumpeleka kanisani kwa farasi wake, kwa sababu barabara ilikuwa bado imezibwa na theluji.

Reijo alifika siku ya mazishi na viatu vya mjini. Alilia sana kaburini, kwa kweli, nikamshika mkono. Baadaye, majirani wachache waliobaki walipokwisha kunywa kahawa na kwenda, tukakaa jikoni yeye na mimi, kama watu wanaongoja basi.

"Kule nina mtoto," akasema. "Wa kike. Amekwisha kuanza kutembea."

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nikingoja uchungu uje, ukaja kitu kingine, kama pale mtu anapotua mzigo na mabega yanabaki yameinama kwa mazoea.

"Anaitwa nani?"

"Marita." Akasukuma kikombe chake kando. "Helka, ukitaka kuachana rasmi, sitakuzuia. Nyumba ichukue. Mimi huku sirudi tena."

"Haya."

"Sikukuacha hivi hivi, lakini," akasema, na sauti yake ikapata nguvu, ya mtu aliyekumbuka jambo la kumtetea. "Nilihakikisha. Krismasi ile ya kwanza nilimwambia Oiva, mle saunani: wewe ndiye jirani, nitunzie wanawake wangu mpaka nitakapopanga mambo. Akanipa mkono. Na amenitunzia vizuri, si ndiyo? Amekuwa mwaminifu."

Niliondoa vikombe mezani. Nakumbuka kwamba niliviosha kimoja kimoja, nikavipanga, na kwamba kila nilichokuwa nimekihifadhi moyoni tangu ile Januari kilikuwa kikitoka kimoja kimoja na kupangwa kando: zile njia za skii, kile kicheko, ile ngazi, zile pumzi juu ya vidole vyangu. Vyote vilikuwa vya Reijo. Nilikuwa nimeishi miaka kwa joto la mtu, na kumbe mtu yule alikuwa akilinda amana ya mwenzake.

Reijo aliondoka siku iliyofuata.

Jumamosi nilipoamka sikupasha sauna. Nilikunywa kahawa nimesimama, nikatazama nje. Shimo lilikuwa limekatwa.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Sikuwahi kujua kwamba nina hasira ya ukubwa ule. Bibi amekufa, mume amekwenda, na bado huyu mtu anatimiza ahadi! Nikavaa, nikachukua skii zangu, nikaingia ziwani mchana kweupe. Lilikuwa jua la Machi, lile linalokuja kabla ya joto, theluji imeganda juu ikang'aa mpaka macho yanatoa machozi. Nilipita kando ya shimo bila kusimama. Nilifuata njia yake mpaka ng'ambo, mahali ambapo katika miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga.

Alikuwa nje, mbele ya sauna yake, ndogo, yenye bomba, moshi unapanda wima. Alikuwa na ndoo mkononi. Aliniona tangu mbali, lakini hakuja kunilaki wala hakuingia ndani. Alisimama tu na ndoo yake.

"Reijo ameniambia," nikasema kabla sijavuta pumzi. "Kwamba alikuomba. Kwamba ulimpa mkono."

Akainamisha kichwa. "Nilimpa."

"Miaka yote hii ulikuwa unafanya kazi ya Reijo."

Akahamisha ndoo mkono wa pili.

"Sema basi! Nilikuwa natoka nje kila Jumamosi naiangalia ile njia yako kama mjinga. Nilikuwa naishi kwa hiyo, Oiva. Na wewe ulikuwa mlinzi. Kuni, paa, maji, vyote ulitumwa."

Akaiweka ndoo chini, polepole, kama iliyojaa kitu kinachovunjika. Akageuka kulitazama ziwa. Nikaanza kugeuza skii zangu.

"Reijo aliniomba kuni," akasema. "Na theluji ya paani. Na nimwangalie mama yake asianguke. Nikampa mkono, na mtu ukishatoa mkono mle saunani huwezi kuurudisha. Kwa hiyo nilikaa karibu na mlango." Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Lakini kuhusu barafu hakusema neno."

Upepo ulikuwa umetulia. Nilisikia maji yakitona kutoka paani, moja moja.

"Hakuna aliyenituma kwenye barafu, Helka."

Sikuweza kumtazama usoni, nikaitazama ile kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakuwa ametoka kuoga. Nikavua skii.

"Sauna yako imeshika moto?" nikauliza.

"Imeshika." Akababaika. "Lakini nimepasha ya mtu mmoja."

"Basi ongeza kuni."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamsikia akiangusha kitu, akijisemesha mwenyewe, akiokota. Akarudi amekumbatia kuni mpaka kidevuni, akaziweka mlangoni, akarudi tena kuleta nyingine, na nyingine, mpaka rundo likamfika kiunoni, kana kwamba kijiji kizima, pamoja na wote waliokwenda Uswidi, kilikuwa njiani kuja kuoga.